Jinsi ya Kukimudu Kitenzi cha Kiingereza "Get"

Tuseme umeajiriwa mapokezi katika hoteli ya Nungwi au Diani. Asubuhi mgeni anakuja kaunta na kukuambia: "Could you get someone to look at the shower? I couldn't get it to work last night, and I got really cold." Ametaja "get" mara tatu, na hakuna hata moja kati ya hizo unayoweza kuitafsiri kwa "pata" ukaeleweka. Ya kwanza ni ombi la kumtuma fundi. Ya pili ni kushindwa kulifungua bomba la mvua likafanya kazi. Ya tatu ni kuingiwa na baridi. Ukiduwaa pale kaunta, si kwa sababu Kiingereza chako ni kibovu. Ulifundishwa maana moja ya neno lenye maana nyingi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejua Kiingereza cha kutosha kusoma tangazo la kazi, lakini "get" bado inakuponyoka. Ni wa mhudumu wa hoteli, wa dereva wa watalii, wa aliyehamia Ulaya au Ghuba kikazi. Ni pia wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza Tanzania, aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali kisha akakuta masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Chukua daftari. Utalihitaji mwishoni.

KWA NINI "PATA" HAITOSHI

Umbo la "get" tunalolisikia leo liliingia Uingereza kwa mabaharia wa Skandinavia, wale waliovamia na kisha kuhamia kaskazini na mashariki ya nchi hiyo kuanzia mwishoni mwa karne ya 8. Kwao lilikuwa "geta", kupata. Kiingereza chenyewe kilikuwa na ndugu wa neno hilo, na mmoja wao bado yumo ndani ya "forget". Karne zilivyopita, "get" ikaongezewa kazi: kupata kitu, kufika mahali, kuingia katika hali, kumfanya mtu atende jambo.

Kazi hizo zote zina wazo moja chini yake: badiliko. Hukuwa na kitu, sasa unacho. Ulikuwa hapa, sasa uko kule. Ulikuwa mzima, sasa unaumwa. "Be" na "have" husema mambo yalivyo. "Get" husema mambo yalivyogeuka. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Wanaozungumza Kihispania nao hutatizwa na neno hili, ila kwa njia nyingine. Wao wana kitenzi chake kwa kila badiliko: kufika ni "llegar", kupata kwa juhudi ni "conseguir", kuchoka ni "cansarse", kuingiwa na huzuni ni "ponerse triste". Kamusi zao hulazimika kupanga safu ya vitenzi chini ya "get", na mwanafunzi achague. Lakini wana nafuu moja ambayo sisi hatuna. Kihispania hutenganisha kuchoka, "cansarse", na kuwa katika hali ya uchovu, "estar cansado", kama Kiingereza kinavyotenganisha "get tired" na "be tired". Sisi tofauti hiyo tunaibeba ndani ya kitenzi kimoja kwa kubadilisha kiambishi tu: anachoka, amechoka. Hapo ndipo makosa yetu mengi yanapoanzia, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

HATUA YA KWANZA: TAZAMA KINACHOFUATA

Usijaribu kuitafsiri "get" peke yake. Maana yake huamuliwa na neno linaloifuata. Kila unapokutana nayo, jiulize kwa mpangilio huu:

1. Je, kinafuata kitu? Basi ni kupata, kupokea, kununua, kuleta au kuugua. "I got your message": nilipata ujumbe wako. "Can you get some bread?": nunua mkate. "She got malaria": aliugua malaria.

2. Je, panafuata mahali? Basi ni kufika. "We got to Dodoma at six": tulifika Dodoma saa kumi na mbili.

3. Je, kinafuata kivumishi? Basi hali inabadilika. "It's getting hot": joto linazidi.

4. Je, linafuata umbo la tatu la kitenzi, kama "paid", "hurt", "lost"? Basi mtu ametendwa jambo au amepatwa na jambo. "He got paid": alilipwa.

5. Je, anafuata mtu, kisha "to" na kitenzi? Basi mtu huyo amefanywa atende, kwa ombi, ushawishi au agizo. "I got him to sign": nilimfanya atie saini.

6. Je, kinafuata kitu, kisha umbo la tatu la kitenzi? Basi kazi imefanyika juu ya kitu hicho, mara nyingi kwa mkono wa mtu mwingine. "I got the phone repaired": niliipeleka simu ikatengenezwa.

7. Je, inafuata "to" na kitenzi moja kwa moja? Basi ni kupata nafasi au kubahatika. "I got to meet her": nilibahatika kukutana naye.

8. Je, kinafuata kijineno kama "up", "over", "by"? Basi umekutana na kitenzi kipya kabisa. Kitafute kwenye kamusi kama kilivyo, pamoja na kijineno chake.

Nje ya orodha hii yapo matumizi mengine utakayoyasikia kila siku: "I don't get it", sielewi. Hapo kilichopatikana au kukosekana ni maana.

KIAMBISHI -ME- NA MTEGO WAKE

Soma mistari hii mitano polepole, kisha uifiche tafsiri na kujaribu mwenyewe:

Huchoka haraka: "He gets tired quickly."
Alichoka: "He got tired."
Atachoka: "He will get tired."
Anachoka: "He is getting tired."
Amechoka: "He is tired."

Mstari wa tano umeipoteza "get". Sababu ni kwamba -me-, ikiingia kwenye vitenzi vya hali, husema badiliko limekwisha na matokeo yake yapo mbele ya macho yetu. Kiingereza, pale badiliko linapokwisha, huacha "get" na kuchukua "be". Mswahili anayetafsiri kiambishi kwa kiambishi huandika "He has got tired" pale ambapo Mwingereza angesema tu "He is tired". Au hufanya kinyume chake, akasema "I am tired every day by four o'clock" akikusudia kwamba kila siku ikifika saa kumi uchovu humwingia. Hilo la pili si kosa la sarufi, lakini msikilizaji anaona hali na haoni mwendo wa kuingia katika hali hiyo.

Jikoni na uani utaona jozi za namna hii kila saa:

Chai inapoa: "The tea is getting cold." Chai imepoa: "The tea is cold."
Nguo zinalowa: "The clothes are getting wet." Nguo zimelowa: "The clothes are wet."
Giza linaingia: "It's getting dark." Giza limeingia: "It's dark."
Mtoto anakasirika: "The child is getting angry." Mtoto amekasirika: "The child is angry."

Si kila -me- ni ya namna hii. "Amefika" na "amekula" ni vitendo vilivyokwisha, na Kiingereza huvipa "has": "has arrived", "has eaten". Ili utofautishe, jiulize sentensi yako inajibu swali lipi. Ikijibu "Yukoje?", tumia "be". Ikijibu "Amefanya nini?", tumia "have" na umbo la tatu. Ikijibu "Anapatwa na nini?" au "Alipatwa na nini?", hapo "get" ina nafasi yake. Maswali haya matatu nayaona ni bora kuliko kanuni yoyote ya kitabuni, kwa sababu unayauliza kwa lugha yako mwenyewe kabla hujafungua mdomo kwa lugha ya watu.

Ndoa inastahili aya yake, maana huulizwa katika kila fomu, kila usaili na kila safari ya basi. "Umeolewa?" au "Umeoa?" ni swali la hali: "Are you married?" "Uliolewa lini?" ni swali la tukio: "When did you get married?" Sasa, "Ameolewa kwa miaka kumi" haiwezi kuwa "She has got married for ten years", kwa kuwa tukio la harusi halichukui miaka kumi, kinachodumu ni hali. Sema "She has been married for ten years". Kuna makosa mengine mawili hapa. "She was married by Juma" hutokana na kauli ya kutendwa ya "kuolewa na Juma", lakini Mwingereza akisikia hivyo anaelewa kwamba Juma ni padri, kadhi au msajili aliyefungisha ndoa. Na "married with Juma" hutokana na "na" yetu. Wahispania hufanya kosa lilo hilo kwa sababu wao husema "casarse con". Kiingereza hutaka "to": "She got married to Juma".

Kuna "kuzoea" pia, ambayo humsumbua hata aliyekaa ughaibuni miaka. Ziweke sentensi tatu pamoja usizichanganye tena:

Nimezoea baridi: "I'm used to the cold."
Naanza kuzoea baridi: "I'm getting used to the cold."
Zamani nilikuwa naishi Mwanza: "I used to live in Mwanza."

Katika mbili za kwanza, kitenzi kikifuata huvaa "-ing": "I'm getting used to working at night". Katika ya tatu hakivai.

SI KILA BADILIKO NI "GET"

Ukishaielewa "get" utatamani kuitumia kila mahali. Jizuie hapa:

• Kuwa mtu wa kazi au cheo fulani ni "become". "She became a teacher": akawa mwalimu. Ukisema "She got a teacher" umesema alipata mwalimu, labda wa kumfundisha mwanawe. Kanuni ni fupi: mbele ya jina la kazi au cheo, "get" haina maana ya kuwa.

• Kupitiwa na usingizi ni "fall asleep". Haisemwi "get asleep".

• Upofu, uziwi, upara na wazimu huenda na "go": "go blind", "go deaf", "go bald", "go mad". Chakula kilichochacha nacho: "The food has gone bad".

• Rangi na umri huenda na "turn": "The leaves turned yellow", "He turned eighteen".

• Anakufa ni "is dying" na amekufa ni "is dead" au "has died". Usiseme "getting dead" kamwe.

KISANDUKU: "PATA" ZISIZO "GET"

Hapa Kiswahili husema "pata" na Kiingereza hukataa "get". Zinakili kwenye daftari, maana hakuna kanuni itakayokuokoa:

Nimepata ajali: "I had an accident."
Amepata mtoto: "She has had a baby." Ukisema "She got a baby", msikilizaji anajiuliza amempata wapi.
Tumepata hasara: "We made a loss."
Tumepata faida: "We made a profit."
Nilipata shida kuelewa: "I had trouble understanding."
Nilipata usingizi saa nane: "I fell asleep at two."

Nyingine hupita bila tatizo: kupata kazi, visa, mkopo, leseni, alama 80, mimba, ujumbe. Zote hukubali "get". Kupata nafuu ni "get better", na kumtakia mgonjwa nafuu, pale tunaposema "Ugua pole", ni "Get well soon".

KUFIKA NA KUPANDA

Baada ya "get" yenye maana ya kufika, weka "to" kabla ya mahali: "How do I get to the ferry?" Lakini "home", "here" na "there" hazitaki "to". Sema "I got home late", usiseme "I got to home". Ukipenda kutumia "reach", kumbuka kwamba haivumilii kihusishi: "We reached Tanga". Kosa la "reach at" nimelikuta hadi kwenye matangazo ya kampuni za usafiri, na ni kati ya mambo yanayomtambulisha mwandishi wa kwetu papo hapo.

Kwa vyombo vya usafiri, chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokalia kwa kutanua miguu, ni "get on" na "get off": basi, daladala, matatu, treni, ndege, baiskeli, bodaboda. Chombo unachoingia na kukaa papo hapo ni "get in" na "get out": gari dogo, teksi, bajaji. Konda akimwambia mtalii "Get out here", mtalii atahisi anafukuzwa. Amwambie: "You get off here".

KUTENDWA, NA MTU ALIYEIBIWA SIMU

Katika mazungumzo, Waingereza na Wamarekani hutumia "get" badala ya "be" katika kauli ya kutendwa, hasa jambo likitokea ghafla au likiwa la bahati, njema au mbaya: "got arrested", "got bitten by a dog", "got promoted". Hutumika pia kwa mambo mtu anayojifanyia mwenyewe: "get dressed", kuvaa, "get washed", kunawa au kuoga. Haitumiki kwa vitenzi visivyo na badiliko. Huwezi kusema "The story gets known by everyone" ukikusudia kwamba kila mtu anaijua.

Sasa sikiliza kwa makini. Kiswahili humruhusu aliyepatwa na jambo awe kiima, na kitu chake kibaki palepale: "Nimeibiwa simu." Kiingereza hakina ruhusa hiyo. "I was stolen my phone" si Kiingereza, na "I was stolen" pekee humaanisha wewe mwenyewe ndiye uliyebebwa na wezi. Ukiwa kituo cha polisi cha nchi ya watu, ni muhimu uliseme sawasawa. Fuata hatua hizi:

1. Kitafute kitu kilichoibwa na ukiweke mwanzo: "My phone".
2. Weka "got" au "was": "My phone got".
3. Malizia kwa umbo la tatu: "My phone got stolen."
4. Ukitaka kuanza na nafsi yako, tumia "rob": "I got robbed." Humaanisha niliporwa, na kitu hakitajwi hapo.

Dada wa sentensi hii ni "nilinyeshewa", ambayo hupata tafsiri nzuri sana kwa "I got rained on" au "I got caught in the rain". "Nimefiwa na baba" ni habari nzito, na tafsiri yake haina "get" wala kutendwa: "My father has died", au kwa upole zaidi "I've lost my father". Ukimpigia mwajiri simu ya kuomba ruhusa ya msiba, hiyo ndiyo sentensi ya kusema.

KUTENDESHA: NANI HASA ALIYEFANYA KAZI?

Mtu akirudi kutoka saluni husema "Nimesuka", ingawa kila mtu anajua aliyesuka ni msusi. "Nimetengeneza gari" huweza kuwa kazi ya mikono yako au ya fundi wa gereji, na hatuoni haja ya kueleza. Kiingereza huona haja. "I braided my hair" ni mimi kwa vidole vyangu. "I got my hair braided" ni msusi. "I fixed the generator" ni mimi. "I got the generator fixed" ni fundi niliyemwita.

Katika usaili wa kazi tofauti hii ina uzito. Ukisema "I fixed the generator" kumbe ulimwita fundi, swali linalofuata litakuwa jinsi ulivyoifungua, na utakwama. Ukisema "I got the generator fixed" kumbe uliitengeneza kwa mikono yako, umejinyima sifa yako mwenyewe.

Kwa watu, mpangilio ni "get", mtu, "to", kitenzi: "I got my brother to lend me the money". Hapo kuna kubembeleza au kushawishi. "Make" ni ya kulazimisha na haitaki "to": "They made me pay again". Kosa la kawaida ni kuiacha "to" baada ya "get", au kuichomeka baada ya "make". Sasa ombi la yule mgeni wa hoteli limefunguka: "get someone to look at the shower" ni "mwagize mtu aje aliangalie bomba". Jibu zuri ni "Certainly, I'll get someone to come right away", kisha uende ukamtafute fundi kweli.

VIJINENO VINAVYOFUATA

Usikariri hamsini kwa siku moja. Anza na hivi vinavyosikika sana kazini na nyumbani:

"Get up": kutoka kitandani. Kufumbua macho ni "wake up". Mtu anaweza kuamka saa kumi na mbili na kutoka kitandani saa mbili.
"Get along with": kuelewana na mtu.
"Get by": kujikimu, kusukuma siku kwa kidogo ulichonacho.
"Get over": kupona, au kutulia baada ya uchungu.
"Get through": kumaliza jambo gumu, au kumpata mtu kwenye simu.
"Get rid of": kuondoa, kutupa.
"Get away with": kukosea na usiadhibiwe.
"Get back to": kumjibu mtu baadaye. Mwajiri akikuambia "We'll get back to you", hajasema atarudi kwako. Amesema atakupa jibu, na hajaahidi jibu lenyewe ni zuri.

GOT, GOTTEN NA HAVE GOT

Shule zetu za Afrika Mashariki hufuata zaidi Kiingereza cha Uingereza, ambacho umbo lake la pili na la tatu ni "got". Wamarekani wana "gotten" katika umbo la tatu, na si kosa: ni umbo la zamani lililopungua Uingereza na kubaki Marekani. Hata Waingereza hawajaachana nalo kabisa, maana bado husema "forgotten". Ushauri wangu ni uchague moja na kudumu nalo. Katika mtihani, andika "got".

Mmarekani, hata hivyo, hutofautisha jambo ambalo ni vizuri ulisikie. "I've got a car" kwake ni nina gari. "I've gotten a car" ni nimepata gari. "I've got to go" ni sharti niondoke, na katika mazungumzo ya haraka hugeuka kuwa "gotta". Ukitazama filamu zao utasikia pia kwamba "t" ya "getting" na "get up" inalainika na kukaribia "r" yetu, kama "gerin" na "gerap". Sikio likishazoea hilo, mazungumzo mengi yaliyokuwa yanakupita yatafunguka.

TAHADHARI ZA ADABU

"Get me water" ni amri kavu. Kwa Kiswahili "nipatie maji" hulainishwa na "naomba" au "tafadhali", na Kiingereza nacho kina namna yake: "Could you get me some water, please?" Kwa kuagiza mgahawani, Wamarekani husema "Can I get a coffee?" Waingereza wengi husema "Can I have a coffee?"

"Get out" na "Get lost" zikisemwa kwa mtu ni za kufukuza. "I got lost" haina ubaya; ni nilipotea njia. Ukiifanya amri ndipo inapokuwa tusi.

Katika barua rasmi, punguza "get". Si neno chafu, ila ni la mdomo. Andika "receive" kwa kupokea, "obtain" kwa kupata kibali au cheti, "become" kwa kuwa, "arrive" kwa kufika, "improve" kwa kupata nafuu au kuwa bora, "contact" badala ya "get in touch with". Kabla ya kutuma barua ya maombi ya kazi, ipitie mara moja ukitafuta neno hili tu.

KABLA YA KUSEMA: ORODHA YA KUJIKAGUA

□ Nimetazama neno linalofuata "get"?
□ Ninasema hali au badiliko?
□ Kama kuna -me-, inajibu "Yukoje?" au "Amefanya nini?"
□ Nimemtaja aliyeifanya kazi hasa?
□ Nimeacha "to" kabla ya "home", "here" na "there"?
□ Kama ni barua rasmi, nimebadilisha "get"?

JIPIME

Andika kwa Kiingereza sentensi hizi bila kutazama juu:

1. Kahawa yako inapoa.
2. Niliibiwa begi stendi.
3. Dada yangu amekuwa nesi.
4. Nilimshawishi fundi aje leo.
5. Tulifika nyumbani usiku.
6. Ameoa kwa miaka sita.
7. Simu yangu imetengenezwa na fundi, nimelipa mimi.
8. Nimezoea kutoka kitandani mapema.

Majibu:

1. "Your coffee is getting cold." Badiliko bado linaendelea.
2. "My bag got stolen at the bus station." Begi ndilo lililoibwa, si wewe.
3. "My sister has become a nurse." Ni jina la kazi, kwa hiyo "get" haifai.
4. "I got the repairman to come today." Kama uliiacha "to", rudi kwenye sehemu ya kutendesha.
5. "We got home at night." Hakuna "to".
6. "He has been married for six years." Kinachodumu ni hali.
7. "I got my phone repaired." Kitu kwanza, umbo la tatu baadaye. "And I paid for it" inaweza kufuata ukitaka.
8. "I'm used to getting up early." Mazoea ni hali, kwa hiyo yamechukua "be", kutoka kitandani ni badiliko, kwa hiyo limechukua "get", na kwa kuwa linafuata "used to" ya mazoea, limevaa "-ing".